Jina la Rafiki, Mkono wa Tapeli

Saa tatu usiku, baada ya dawa za jioni kugawiwa na wodi ya watoto kutulia, muuguzi wa zamu aliketi na kuitazama simu yake kwa mara ya kwanza tangu alasiri. Miongoni mwa ujumbe uliokuwa ukimsubiri, mmoja ulitoka kwa mwenzake waliyesoma naye chuo cha uuguzi. "Dada, za siku? Binti yangu yumo kwenye shindano la uchoraji shuleni kwao. Naomba umpigie kura hapa, haichukui hata dakika moja." Chini yake kulikuwa na kiungo cha kubonyeza. Jina lilikuwa la mwenzake, picha ilikuwa yake, na juu ya ujumbe huo yalionekana mazungumzo yao ya mwezi uliopita kuhusu msiba wa mwalimu wao. Muuguzi hakuona sababu ya kusita.

Kiungo kilimfikisha kwenye ukurasa wenye picha za watoto watatu. Ili kura ihesabiwe, ukurasa ulimtaka aandike namba yake ya simu, kisha ukampa msimbo wa herufi na tarakimu nane na kumwelekeza auingize ndani ya WhatsApp. Akafanya hivyo. Ukurasa ukamshukuru, naye akarudi kazini.

Alfajiri simu iliita. Aliyepiga alikuwa mama wa mtoto mwenye selimundu, mmoja wa wazazi waliomo katika kundi la WhatsApp ambalo muuguzi huyo hulitumia kuwakumbusha tarehe za kliniki. "Sista, habari za asubuhi. Ile hela nimeshaituma tangu usiku. Mtoto wa mwenzetu anaendeleaje?" Muuguzi hakujua habari ya hela yoyote. Mama akamsomea ujumbe uliofika kundini kwa jina lake: mtoto mmoja amezidiwa, dawa inahitajika usiku huo huo, kila mzazi achangie alichonacho kupitia namba ifuatayo. Mama alikuwa ametuma shilingi 60,000, fedha aliyoiweka kando kwa ajili ya nauli ya kuja kliniki wiki hiyo.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini hakuna hatua ndani yake isiyowezekana kutokea leo katika wodi yoyote. Kina mahali pake katika jarida la afya kwa sababu mwisho wa mnyororo huu haukuwa fedha. Ulikuwa mtoto mwenye selimundu aliyekaribia kukosa kliniki kwa kuwa jina aliloliamini mama yake lilitumiwa na mtu mwingine.

Kinga inapolala

Watanzania wengi wameuzoea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Unapotoka kwa namba isiyojulikana, mpokeaji hucheka, huufuta na kuendelea na shughuli zake. Ni kinga iliyopatikana kwa kuugua: mtu aliyewahi kutapeliwa, au aliyeona jirani akitapeliwa, hujifunza kumshuku mgeni. Tatizo ni kwamba kinga hiyo imefundishwa kumtambua mgeni tu. Rafiki akibisha hodi, hulala.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani waliipima tofauti hiyo. Walikusanya mtandaoni taarifa zilizokuwa wazi kwa kila mtu kuhusu nani ni rafiki wa nani chuoni hapo. Kisha wakawatumia wanafunzi barua pepe zilizoonekana kutoka kwa marafiki zao, zikiwa na kiungo cha ukurasa uliodai nywila ya chuo. Kundi jingine lilitumiwa barua ya aina hiyo kutoka kwa mtu wasiyemfahamu, ingawa alionekana kuwa na anwani ya chuo hicho hicho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa katika kundi la mtumaji asiyefahamika, asilimia 16 walitoa nywila zao. Katika kundi lililodhani limeandikiwa na rafiki, walioitoa walikuwa asilimia 72.

Hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, vijana waliokua na kompyuta. Elimu yao haikuwasaidia, kwa sababu udhaifu uliotumiwa haukuwa ujinga. Ulikuwa ni mazoea mema ya kumwitikia mtu wa karibu bila kumhoji, mazoea ambayo bila hayo urafiki wenyewe usingekuwapo.

Wanaotibu kichocho wanaifahamu mbinu hii kwa sura nyingine. Mnyoo wa kichocho huweza kuishi miaka mingi katika mishipa ya damu ya binadamu, na sababu mojawapo ni kwamba hujivika juu ya ngozi yake chembechembe zinazotokana na mwili wa mwenyeji. Askari wa mwili wakiupitia huona alama za nyumbani, nao huuacha. Tapeli wa mtandaoni naye hujivika jina, picha na historia ya mazungumzo. Anachokihitaji ni kupita mbele ya askari pasipo kuulizwa.

Wapo wanaodhani kwamba WhatsApp haiwezi kubeba hadaa kwa kuwa mazungumzo yake yamefungwa. Ni kweli kwamba tangu Aprili 2016 ujumbe wote wa huduma hiyo husafiri ukiwa umefungwa kuanzia simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, hata kampuni yenyewe isiweze kuusoma njiani. Lakini bahasha iliyofungwa vizuri humzuia mtu wa kati asichungulie. Haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani, wala kuhusu mkono ulioifunga.

Namna maambukizi yanavyoingia

Viungo vya hadaa, ambavyo wengi huviita linki, ni vya aina nyingi, lakini njia zake za kuingilia hazizidi nne.

Ya kwanza ni ukurasa bandia. Kiungo hufungua ukurasa unaofanana na wa benki, wa mtandao wa kijamii au wa taasisi fulani, nao hudai nywila au namba ya siri. Kinachoandikwa pale humfikia tapeli papo hapo.

Ya pili ni msimbo. Mtu huombwa amtumie "rafiki" tarakimu sita zilizofika kwenye simu yake kwa ujumbe mfupi, kwa maelezo kwamba zimetumwa huko kimakosa. Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa kuifungua akaunti yake ya WhatsApp kwenye simu nyingine. Msimbo wa vibambo nane aliopewa muuguzi ni ndugu wa huo: huunganisha kifaa cha pili na akaunti iliyopo. Njia hii ni ya hatari zaidi kwa kuwa mwenye akaunti hatolewi. Simu yake huendelea kufanya kazi kama kawaida, huku mtu mwingine akisoma na kuandika kwa jina lake. Kwa lugha ya kitabibu, ni maambukizi yasiyo na dalili.

Ya tatu ni faili. Kiungo au kiambatisho huitaka simu isakinishe programu kutoka nje ya duka rasmi la programu. Nchini India na Indonesia polisi wamewahi kuwaonya wananchi kuhusu faili zilizosambazwa WhatsApp zikijifanya kadi za mwaliko wa harusi. Katika jamii ambayo kadi za harusi na za michango hupokelewa kila wiki kwa njia hiyo hiyo, onyo hilo halihitaji kutafsiriwa. Kadi ya kweli ni picha au hati, nayo hufunguka bila kusakinisha chochote. Faili ambayo jina lake linaishia na herufi APK ni programu, hata ikiwa imepambwa kwa maua na majina ya maharusi.

Ya nne ni mnyororo: "Watumie marafiki kumi ili upate zawadi." Hapa mtumaji hakudukuliwa. Ni rafiki halisi, ameandika kwa mkono wake mwenyewe, na nia yake ni njema. Tangazo la ajira za kada ya afya, bima ya bure au dawa inayomaliza kisukari kwa wiki mbili hupita kutoka kundi hadi kundi likibebwa na watu waaminifu. WhatsApp ilianza mwaka 2018 kuweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi hauwezi kutumwa zaidi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Alama hiyo humwambia mpokeaji kwamba rafiki yake ni mchukuzi tu. Kumwamini rafiki hakumlazimishi mtu kumwamini yule asiyejulikana aliyeuandika ujumbe huo mwanzoni.

Dalili na kipimo

Dalili zipo, ingawa hakuna hata moja inayotosha peke yake. Lugha hubadilika: mtu aliyezoea kuandika kwa kifupi na kwa utani anaandika kama karani, au dada aliyezoea kukuita kwa jina la mtoto wako anakuita kwa jina kamili. Kuna haraka isiyoelezeka. Kuna ombi la siri, msimbo au fedha. Kuna kiungo kilichofupishwa kiasi kwamba mwisho wake hauonekani.

Anwani yenyewe ina mengi ya kusema kwa anayejua kuisoma. Mwenye tovuti hatambulikani kwa neno la kwanza, bali kwa maneno ya mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Anwani inayoanza na jina la benki, ikafuatwa na nukta na jina jingine kabla ya .com, si ya benki hata kidogo. Ni ya huyo mwenye jina la pili. Anwani rasmi za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na za vyuo huishia na .ac.tz. Alama ya kufuli iliyo pembeni huthibitisha kwamba mawasiliano na tovuti hiyo yamefungwa. Haithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, kwani hata tapeli huweza kuipata.

Hata hivyo, daktari mwangalifu haanzi tiba kwa dalili pekee pale ambapo kipimo kipo na ni rahisi. Kipimo cha ujumbe wa rafiki ni kumuuliza rafiki mwenyewe, kwa njia tofauti na ile iliyoleta ujumbe. Kumjibu hapo hapo "Ni wewe kweli?" hakufai kitu, maana atakayejibu ni yule yule aliyeishika akaunti, naye atajibu "Ndiyo". Ujumbe wa sauti uliorekodiwa nao hautoshi, kwa kuwa waweza kuwa wa zamani au wa kughushi. Kinachofaa ni simu ya kawaida, ya kupiga na kupokelewa, kwa namba iliyokuwapo tangu awali: "Dada, nimepata ujumbe wenye jina lako. Ni wewe uliyeutuma?"

Wengine huona haya kuuliza hivyo, hasa aliyetuma akiwa mkubwa kwa umri au cheo. Ni vyema ieleweke kwamba swali hili halimshuku mtu. Linamlinda. Mara nyingi simu hiyo ndiyo inayomjulisha mwenye akaunti kwa mara ya kwanza kwamba amevamiwa.

Huduma ya kwanza

Aliyekwisha kubonyeza asikate tamaa. Kubonyeza na kudhurika ni hatua mbili tofauti, na kati yake mara nyingi upo muda wa kutenda.

Kama ukurasa ulifunguka na hakuandika chochote wala kusakinisha chochote, aufunge, kisha aangalie kama kuna faili iliyopakuliwa na kuifuta bila kuifungua.

Kama aliandika nywila, aibadilishe mara moja, pamoja na kila mahali pengine alipoitumia nywila hiyo. Kama alitaja namba ya siri ya benki au ya huduma ya fedha kwa simu, awapigie watoa huduma hao kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote.

Kama alitoa tarakimu sita na akaunti yake ikafungwa kwenye simu yake, ajisajili upya WhatsApp kwa namba yake mwenyewe. Tarakimu mpya zitakuja kwenye laini yake, na akiziingiza, aliyeiteka akaunti hutolewa. Ikiwa mtekaji aliwahi kuweka namba yake ya siri ya uthibitishaji wa hatua mbili, mwenye akaunti hulazimika kusubiri siku 7 ndipo aweze kuitumia tena, lakini mtekaji naye atakuwa amekwisha kutolewa. Kama aliingiza msimbo wa kuunganisha kifaa, kama alivyofanya muuguzi, afungue mipangilio ya WhatsApp, aangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kukiondoa kila asichokifahamu.

Kama alisakinisha faili, azime intaneti ya simu hiyo, atumie simu nyingine kuwasiliana na benki na watoa huduma za fedha, kisha aifikishe simu kwa mtaalamu. Namba iliyotumika kwa utapeli nchini Tanzania huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda namba 15040, na aliyepoteza fedha anapaswa pia kufika polisi.

Chanjo nayo ipo. Uthibitishaji wa hatua mbili, unaopatikana ndani ya mipangilio ya WhatsApp, humwekea mtumiaji namba ya siri ya ziada, hivyo kwamba tarakimu sita pekee hazitoshi kuihamisha akaunti yake. Kuuweka huchukua dakika chache.

Siri za mgonjwa

Kwa mtumishi wa afya, simu ni zaidi ya mali yake binafsi. Ndani yake huwamo picha za vidonda zilizotumwa kwa ajili ya ushauri, majibu ya maabara na majina ya waliolazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Hata orodha ya wanakundi ni siri. Katika kundi la kawaida la WhatsApp kila mwanachama huona namba za wenzake, na kuwamo tu katika kundi la wagonjwa wa ugonjwa fulani ni kutangaza hali ya afya. Akaunti ya mmoja ikitekwa, wote wamefichuliwa. Kliniki inayotaka kuwakumbusha wagonjwa tarehe zao inaweza kutumia orodha ya matangazo, ambayo kila mpokeaji aliyehifadhi namba ya kliniki hupata ujumbe wake bila kuwaona wengine.

Madhara huweza kuivuka simu moja. Tarehe 18 Machi 2021, mfanyakazi mmoja wa huduma ya afya ya umma ya Ireland alifungua faili iliyoambatishwa kwenye barua pepe ya hadaa. Wavamizi walitembea ndani ya mfumo kwa majuma manane. Baadhi ya ishara zilionekana katika kipindi hicho, lakini hazikufuatiliwa ipasavyo. Tarehe 14 Mei wavamizi waliifunga mifumo ya kompyuta kwa programu hasidi, na hospitali nchini kote zikarudi kwenye kalamu na karatasi huku miadi ya wagonjwa ikifutwa. Kilichoigharimu nchi hiyo zaidi ya ule mbonyezo mmoja ni majuma manane ya kutokujua.

Mficha maradhi

Hapo ndipo lilipo somo ambalo tiba ya magonjwa ya kuambukiza imelilipia gharama kubwa. Kifua kikuu na Virusi vya UKIMWI vilienea chini ya kivuli cha unyanyapaa, kwa kuwa aliyeogopa kudharauliwa hakupima, na ambaye hakupima aliambukiza wengine bila kujua. Aliyedanganywa mtandaoni naye huogopa kuitwa mshamba. Hufuta ujumbe, hunyamaza na kutumaini kwamba mambo yatapita. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika maradhi haya anayeumbuka mara nyingi si mfichaji peke yake.

Muuguzi wa kisa hiki, baada ya kukata simu ya yule mama, alikaa kwa muda akiwaza kunyamaza. Alimwogopa muuguzi mfawidhi, na aliwaonea haya wazazi. Kisha akampigia mwenzake wa chuo, ambaye aliangua kilio. Alikuwa amejua tangu mchana wa siku iliyopita kwamba akaunti yake imevamiwa. Aliona aibu kuwaambia watu.

Kati ya mchana ule na saa tatu usiku kulikuwa na saa kadhaa ambazo simu moja ya kuwaonya wenzake ingetosha. Muuguzi aliondoa kifaa kigeni kwenye akaunti yake, akamweleza mfawidhi, akakaa chini na daftari la kliniki na kuanza kuwapigia wazazi mmoja baada ya mwingine. Alijitambulisha, akasema ujumbe wa usiku haukuwa wake, akaeleza alivyodanganywa, na kuwaambia kwamba kliniki haitawaomba fedha kwa njia hiyo kamwe. Wazazi wawili walikuwa na fedha mkononi, wakisubiri duka la wakala lifunguliwe.

Hakuna aliyemcheka. Wa mwisho kupigiwa alikuwa yule mama wa alfajiri, na mfawidhi ndiye aliyezungumza naye. Walipanga pamoja tarehe nyingine ya kliniki, ndani ya wiki ile ile, siku ambayo gari la wagonjwa la zahanati ya kijiji chake lingekuwa linakuja hospitalini.